Mwalimu Gervas na Ndoo ya Bondeni

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu ulipofumba macho pale hospitali ya Ndanda, na mpaka sasa Mama akipakua ugali anakutengea wewe kwanza, halafu ndipo anakumbuka. Tukisema tumezoea tutakuwa waongo.

Tunakumbuka mfuko wa shati lako uliojaa vumbi la chaki, na muhogo wa kuchoma ulioutafuna ukisahihisha madaftari. Tunakumbuka ulivyobaki. Biashara ya korosho ilipoachiwa huria na malori ya wanunuzi yakaanza kupanda kwetu Newala, walimu wenzako waliacha darasa wakaenda kupima magunia. Ulipoulizwa wewe unangoja nini, ulijibu unangoja kengele. Basi ukabaki mkuu wa ile sekondari ya serikali, yenye watoto wa bweni kutoka hata Lulindi, na maji yake yote ni ya mvua, yanayokingwa kwenye paa na kuingia tangini.

Shule ilikuwa na shamba lake la mikorosho. Kila kipupwe wanafunzi waliipulizia salfa, dawa ya ukungu, alfajiri, kabla upepo haujaamka, na lile vumbi la njano lilitua mpaka juu ya mabati. Ndiyo maana uliweka sheria: mvua ya kwanza haikingwi, inaachwa ioshe paa. Na atakayeharibu maji ya wenzake atateremka bondeni kuchota, na atabeba kichwani mwenyewe, wiki nzima.

Mwaka ule wa ukame tangi lilibaki na maji ya chini kabisa, na mtihani wa kidato cha nne umekaribia. Bodi ya shule ilikwishasema: maji yakiisha, wa bweni warudi makwao. Ulijua maana yake, na binti yako Winfrida, aliyekuwa kidato hicho hicho, alijua pia. Ilikuwa miaka ya wazazi kuchangia gharama za shule, na wengi walikwisha kuchoka kulipa. Binti akirudi nyumbani kabla ya mtihani, anaposwa, basi tena.

Mvua ya kwanza ikashuka jioni, kali, na wewe hukuvumilia kuiona ikimwagika bure. Ukauelekeza mfereji wa paa tangini kwa mkono wako. Kulipokucha maji yalinuka salfa, na hata ile akiba ndogo ikawa hainyweki. Jamani, Baba!

Mwalimu wa zamu alitaka kuwaadhibu vijana waliopangiwa kulinda tangi. Wewe ukasimama mbele ya paredi nzima. Winfrida alikuwa mstari wa mbele.

“Waacheni hao,” ulisema. “Mfereji nimeuelekeza mimi. Sheria ni msumeno.”

Ukavua koti, ukachukua ndoo, ukashika njia ya bondeni. Kwetu mwanamume akijitwisha ndoo kichwani, kijiji kizima hutoka kutazama, nacho kilitoka. Ulirudi umelowa mpaka viatu, ndoo imebaki nusu, na wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Siku ya pili ukaenda tena, kicheko kikapungua. Siku ya tatu Mama Anwari, ambaye hakuwahi kuwa na mtoto pale shuleni, alikusimamisha njiani akakusokotea kata ya kuwekea ndoo kwa kanga yake.

“Shingo iache inyooke, Mwalimu,” alikuambia. “Na kesho hutakwenda peke yako.”

Yaliyofuata Winfrida huyasimulia mpaka leo. Kulipopambazuka wanafunzi walitoka bwenini wakakuta wanawake wanapanda mteremko, Waislamu na Wakristo, ndoo vichwani, mstari ambao mwisho wake hauonekani, na wewe katikati yao. Hakuna aliyewapigia mbiu. Walimimina kwenye mapipa ya jikoni, wakaitikia shikamoo za watoto, wakaenda mashambani mwao. Wakarudi kesho yake, na kesho yake tena, mpaka mtihani ulipoisha.

Asubuhi ya karatasi ya kwanza ya mtihani ulipita chumba kwa chumba ukitazama madawati. Hapakuwa na hata moja lililokosa mtu. Ukatoka, ukaenda nyuma ya jiko, ukalia ukidhani hakuna anayekuona. Winfrida alikuona kupitia dirisha la chumba cha mtihani. Akainamisha kichwa, akaanza kuandika.

Unakumbukwa na mkeo Josephina. Wanao Winfrida, Anselmo na Alfredi. Dada yako Bibiana. Wajukuu zako wote. Na Mama Anwari, aliyetuomba jina lake liandikwe pamoja na ya familia.

Pumzika, Baba. Maadamu tunapumua, hutatoka mioyoni mwetu.