Punje Nyeusi Katika Mahindi ya Mzungu

Jumatatu. Mvua tangu asubuhi.

Leo mzungu msimamizi wa bustani za kambi alimenya mahindi ya shamba lake, yale meupe ya mbegu mpya iliyokuja kwa treni. Katika hindi la kwanza akakuta punje nyeusi tatu. La pili, tano. Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha.

Kwetu Kongolo, anayekuta punje nyeusi katika hindi jeupe hucheka na kumpa mtu anayempenda. Mama zetu hupanda meusi na meupe shamba moja. Nami nikafanya hivyo hivyo, ng'ambo tu ya barabara kutoka kwenye shamba lake. Upepo, unaobeba unga wa maua ya mahindi hadi ng'ambo, sikuufikiria hata kidogo. Miaka sita nawafundisha wake za wafanyakazi kulima nyuma ya nyumba zao hapa kambini Élisabethville, na kosa hili nimelifanya mimi, mwalimu.

Niseme ukweli wote. Mzungu aliniamuru nifundishe kabichi na mahindi yake tu, mbegu za zamani zichomwe. Nilichoma maganda matupu mbele ya macho yake. Mbegu zenyewe nilizificha kwenye majivu, nikawagawia wanawake kidogo kidogo. Zilizaa hata mwaka ule mvua ilipochelewa. Tena ugali wa mahindi hayo una ladha ya nyumbani, na mimi nyumbani sijafika tangu nilipoletwa kupiga sururu mgodini, kabla kifua hakijakataa.

Mchana polisi wa kambi akapita nyumba kwa nyumba, akitafuta mahindi meusi. Mimi nyuma yake, nimeshika daftari. Kwa Mama Kalenga, mke wa fundi wa reli, mahindi meusi yalikuwa yananing'inia juu ya moshi wa jiko.

"Mama Kalenga, nani alikupa hii mbegu?" polisi akauliza.

"Ni mama yangu."

"Mama yako iko wapi?"

"Iko mu kaburi, kule Kongolo. Uende umufunge, baba. Ubebe kamba murefu, kaburi iko chini sana."

Majirani wakacheka. Polisi hakucheka. Akamwambia kesho asubuhi aende biro, ofisi ya kambi, pamoja na mume wake.

Mama Kalenga hakunitazama hata mara moja.

Nami nikaandika jina lake daftarini.

Najua kinachofuata. Mume ataondolewa kazini, nyumba itachukuliwa, watapandishwa treni na watoto wao wanne. Na nikisema ni mimi? Mwalimu aliyenitangulia alipigwa fimbo mbele ya watu wote. Niliuona mgongo wake.

Tangu nirudi najidanganya. Najiambia labda mzungu atasahau. Labda mume wa Mama Kalenga ni fundi mzuri, watamhurumia. Labda yeye mwenyewe anapenda kurudi kwao. Uongo mtupu. Watoto wake wawili wanasoma kwa mapadri, na mwanamke yule amewaombea nafasi ile kwa magoti.

Nilimpa mbegu kwa mkono wangu huu. Nikamwambia, usiogope.

Kesho nitamtangulia biro. Mungu anipe mdomo tu. Miguu nitaiburuta mwenyewe.