Kofia ya Shemeji kwenye Swichi

Shoga wangu! Nusura nimuue shemeji. Ndiyo, mume wa dada!

Si anatufungia feni mpya kubwa ya kuvuta vumbi la unga hapa kiwandani? Nimepita, nikaona kofia yake imetundikwa kwenye swichi. Nikasema, huyu naye kwa kusahau! Nikaichukua nimpelekee. Nikaivaa kabisa. NIKAIVAA, shoga.

Kumbe ndio utaratibu wao mafundi. Akiingia ndani ya feni, anaacha kofia pale ili mtu asiwashe. Mimi wa kutunza stoo tu ningejulia wapi?

Msimamizi akaja kujaribu mota. Akaona swichi haina kitu. Akawasha!

Mota ikanguruma, nikasikia shemeji anapiga kelele ndani. Kilichomwokoa ni mkanda wa kuunganisha mota na mapanga ya feni, alikuwa hajaufunga, mapanga hayakuzunguka. Mkanda tu, shoga! Mkanda!

Akatoka mweupe kwa unga. Nikajua leo natukanwa. Akanyoosha mkono tu: "Shem, kofia yangu."

Akaitundika palepale, akarudi ndani.

Sasa hivi ndio anafunga huo mkanda. Nimesimama hapa swichini, nakuandikia kwa mkono mmoja. Wa pili umeishikilia kofia isitoke kwenye swichi.