Mashine za Mzee Anwar

Kibosho,
Jumapili ya pili ya Novemba

Kwako mdogo wangu Ildefonce,

Shikamoo yako nimeshaiitikia hata kabla hujaitoa: marahaba, mdogo wangu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba ule mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa sababu ya kuendesha lori umetulia. Nisalimie wote unaokaa nao huko Tunduru, ingawa siwajui hata majina, na hilo ni kosa letu sote wawili. Mimi huku sijambo. Magoti yanalalamika nikishuka mgombani, ila nashuka. Ng'ombe wa Mama alizaa mwezi wa nane, ndama jike, na vuli imeanza vizuri.

Utashangaa kuletewa barua na kondakta wa basi wakati simu ninayo. Lakini sisi tukipigiana simu, tunasalimiana, unaniuliza mvua, nakujibu mvua, halafu unasema kuna mtu anakuita. Huyo mtu anakuita kila mara. Sikulaumu. Jambo nililonalo ni refu, nami nataka ulisome mpaka mwisho kabla hujasema lolote. Mwezi ujao ni Krismasi na mwaka huu nataka uje nyumbani. Miaka kumi na moja tangu uondoke, umekuja mara moja tu, kumzika Mama, na hukusubiri tuanue matanga. Nataka uje, lakini sitaki uje bila kujua habari hii.

Unajua Desemba ya huku ilivyo. Majirani wameshaanza kupaka rangi nyumba na kufyeka njia ili magari ya watoto wao yapite. Elisifa, jirani yetu wa upande wa mfereji, kila tukikutana ananiuliza kama unakuja, nami namjibu bado unaomba ruhusa kazini. Miaka kumi na moja unaomba ruhusa, Ildefonce. Sasa ameanza kunitazama kwa huruma, na huruma ya Elisifa ni nzito kuliko masengenyo yake. Krismasi iliyopita sikuchinja. Mbuzi hachinjwi na mtu mmoja, maana kila kipande kina mwenyewe. Kidari ningempa nani, na mguu angepewa nani? Nilinunua nusu kilo ya nyama, nikapika mtori wa ndizi kwenye sufuria ya Mama kwa kuwa sina ndogo zaidi, nikaula siku tatu. Siku ya tatu nilikuwa namsemesha ng'ombe. Nina upweke, mdogo wangu, na leo nimeamua kuliandika neno hilo badala ya kulizungukazunguka.

Basi habari yenyewe ni hii. Mwezi uliopita alikuja gereji kwangu, pale Soweto ya Moshi mjini, bwana mmoja wa Machame aitwaye Filemon. Ni mfanyabiashara mstaafu, mtu wa maneno machache, wa kupima mambo kabla ya kuyaingia. Alisema amepata boti ya faiba iliyokwishatumika, iko bwawani Nyumba ya Mungu, ina mashine mbili za kupachika nyuma, naye hatoi hata shilingi mpaka fundi azipime. Kwa vile ujana wangu niliumalizia Mwanza nikitengeneza mashine za boti, mjini hapa wakitafuta mtu wa kazi hiyo wanaletwa kwangu. Aliposema mashine mbili, nilikumbuka boti moja ya zamani. Sikumwuliza boti ni ya nani. Nilimwambia tu ninalowaambia wote, kwamba mwenye boti asiziwashe siku hiyo mpaka nifike, kwa sababu mashine iliyopashwa moto inaficha ugonjwa wake. Wewe ulikuwa ukinicheka kwa hilo, ukisema nazifungisha mashine kama wagonjwa wanaokwenda kutolewa damu.

Tulifika bwawani saa tatu asubuhi. Boti niliitambua kabla sijashuka garini. Zamani ilikuwa ya buluu, sasa ni ya kijani, lakini kile kiraka cha pembetatu kwenye pua yake kipo vilevile. Ilikuwa boti ya Mzee Anwar, ile ile uliyotaka kuinunua ukaanze kuvusha watu na mizigo ya gulio. Nilitamani kumwambia Filemon tugeuze gari. Badala yake nilichukua kisanduku cha vifaa nikateremka.

Mzee Anwar hayupo tena. Alifariki mwaka jana, mwezi wa Shaabani, na anayeuza ni bintiye Hajira. Alitukaribisha kwa heshima, akatueleza kwamba watoto wake wanasoma Moshi mjini na hawezi kukaa huku na kule. Nilikuwa nimevaa kofia na ndevu zangu zimekuwa nyeupe, kwa hiyo hakunijua. Nilishukuru kwa hilo, nikainama nikaanza kazi.

Niliweka kiganja kwenye kila mashine nikaikuta baridi kabisa. Nilifungua vifuniko, nikatoa plagi moja moja. Nilipima mgandamizo kwa geji, silinda zote zikasoma karibu sawa. Niliwasha ya kushoto, ikashika nilipovuta kamba mara ya pili. Ya kulia ikashika mara ya tatu. Maji ya kupozea yakatoka nyuma kwa mkondo mnene usiokatika. Filemon akawa ananitazama usoni badala ya kutazama mashine, nami nikawa namkwepa. Oili ya gia nikaiacha ya mwisho. Nilipolegeza skurubu ya chini na kuikinga kwenye kopo, ilitoka nzito, nyeusi ya kijani, bila tone la maji. Nililiinua kopo kwenye mwanga, kama ninavyofanya siku zote.

Hapo ndipo Hajira aliponitambua. Alisogea mpaka karibu, akauangalia mkono wangu ulioinua kopo, akasema, “Wewe ndiye fundi uliyesema mashine za baba zimekufa.”

Hakupiga kelele. Alimgeukia Filemon, akamsimulia kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Alisema kwamba miaka kumi na moja iliyopita alikuja kijana wa Kibosho na kaka yake fundi, na kwamba baada ya fundi kusema neno lake, kijana yule alimwita baba yake tapeli mbele ya wavuvi. Alisema baba yake alimshika kijana mkono akimwomba alete fundi mwingine yeyote anayemtaka. Wewe unakumbuka ulivyomjibu, na Hajira naye anakumbuka. Ulimwambia huna fundi mwingine zaidi ya kaka yako.

Tangu siku hiyo hakuna aliyekuja kununua, maana maneno ya bwawani yanavuka upande wa pili kabla ya boti. Mzee Anwar aliiendesha mwenyewe mpaka alipougua. Mashine ni zile zile mbili. Kwa miaka yote hiyo alibadilisha plagi, oili na kile kipira cha pampu ya maji, basi. Na alikuwa akikutaja, asema Hajira. Alikuwa akisema yule kijana aliipenda boti kwa kuitazama tu, na kwamba hajui kijana alipatwa na nini.

Sasa nakuomba usome taratibu. Siku ile ulikuwa umekwenda na Mzee Anwar kutazama makoti ya kuelea. Mimi nilibaki peke yangu nyuma ya boti. Kopo nililookota lilikuwa la kutolea maji yaliyoingia botini, na ndani yake mlikuwa na maji ya bwawa. Niliyaona. Niliiacha oili ikachuruzika humo humo, nikaikoroga kwa bisibisi mpaka ikawa nyeupe kama maziwa, halafu nikakuita. Nikakuambia maji yameingia kwenye gia, mashine zote mbili hazifikishi miezi mitatu. Nawe ulitazama ndani ya kopo ukaamini, kwa sababu ni mimi niliyekufundisha oili nyeupe maana yake nini. Ildefonce, oili ya Mzee Anwar ilikuwa safi. Mashine zilikuwa nzima. Nilikudanganya.

Kwa miaka mingi nilijiambia nilifanya vile kwa ajili ya Mama. Wewe ni kitinda mimba, na kitinda mimba ndiye anayebaki katika nyumba ya wazazi. Ukishuka bwawani, nani atamtunza. Mama mwenyewe hakuwahi kukuzuia. Alikuwa ameshakushonea begi. Ukweli ni kwamba Hilda wangu alikuwa na miezi minne kaburini, mtoto hatukujaliwa, na kila jioni nikipanda kutoka gereji nilikuwa naiona taa ya jikoni mliyoiwasha wewe na Mama, nikisikia unavyocheka. Niliogopa ukiondoka wewe na Mama naye akaondoka, nitapanda siku moja nikute giza. Basi nikakuzuia usiende mwendo wa saa mbili, ukaenda kuendesha lori mwendo wa siku mbili, na giza nimelikuta vilevile. Ungekuwa bwawani ungekuwa unakuja kila Jumapili.

Hayo niliyasema palepale, mbele ya Hajira na Filemon, ingawa si kwa urefu huu. Nilisema tu kwamba mashine zilikuwa nzima siku ile kama zilivyo nzima leo, na kwamba niliyeharibu ni mimi. Hajira akaniuliza kama mdogo wangu anajua. Nikasema hajui. Akaniambia msamaha wa baba yake nitauomba baadaye, nianze na wewe. Filemon aliinunua boti. Sikujua kama ataliamini tena neno langu, lakini alisema mtu akishajisema hivyo hana tena cha kuficha. Ujira wangu sikuupokea. Niliomba plagi moja ya zamani, kwa kuwa nilimfungia mpya.

Juzi nilikwenda mpakani mwa kihamba chetu cha migomba nikakata jani la sale, lile la kuombea msamaha. Nililifunga fundo kama alivyofanya Baba alipokosana na Baba Mkubwa, nikataka kulitia humu. Bahasha ilikuwa wazi mbele yangu. Halafu nikafikiri: mtu akishapelekewa sale hana ruhusa ya kukataa, hata moyo wake ukiwa unawaka. Ningekuwa nimekufunga mara ya pili, kwa ujanja mwingine. Kwa hiyo jani nimelirudisha, liko juu ya mlango wa jikoni, na litakauka hapo.

Badala yake ndani ya bahasha utakuta plagi, nimeifunga kwa kitambaa. Ni ya mashine ya kushoto. Kuisoma nilikufundisha: itazame ncha, rangi ya udongo mkavu, haina masizi wala mafuta, kama inavyokuwa mashine ikiwa nzima. Hiyo haikulazimishi kitu. Ukitaka kuitupa barabarani huko Tunduru, itupe. Ukitaka kunitukana, namba yangu ni ile ile, na safari hii nakuomba asiwepo mtu wa kukuita. Ukija Krismasi, mbuzi ninaye, dume jeusi, na hata ukija kwa hasira tutachinja. Nitakukatia kidari halafu useme uliyonayo.

Usipokuja pia nitaelewa. Ila Elisifa akiniuliza tena njiani, sitamwambia unaomba ruhusa kazini. Nitamwambia kwamba ruhusa hukunyimwa na mtu yeyote huko. Aliyekunyima ni mimi, hapa nyumbani.

Salamu zikufikie kutoka kwa Elisifa, ambaye hajui ninachoandika, na kutoka kwa ndama wa ng'ombe wa Mama, ambaye hajapewa jina kwa sababu majina ya ng'ombe ulikuwa unatoa wewe. Mungu akulinde barabarani.

Ni mimi kaka yako,

Jovin