Mwali wa Ziwani

Bi Helena mpendwa, nakuomba uninusuru kabla korosho hazijaanza kudondoka.

Mimi sikurithi kitu, nyumba hii ya bati nimeijenga mwenyewe, mikorosho 180 nimeipanda kwa mikono yangu, leo naitwa mvivu kwa kuwa tangu Machi sijavuka ua wangu, miezi sita na siku tisa, na kisa ni kwamba nilifuatana na jirani yangu Salumu kumwangalia shemeji yake kando ya mto Ruvuma, ambao ng'ambo yake kuna vita, Salumu yuko hatua nne mbele yangu akakanyaga bomu lililofukiwa njiani, tukamzika, nikarudi, nikaona nyumbani ndiko kuzuri, mtu una kisima, una kivuli, utafute nini nje? Vijana wakipita wananiimbia, "Mwali wetu anatoka lini, tumchezee ngoma?" Hayo navumilia. Lakini mke wangu Somoe, anayekwenda shamba peke yake, hatua 640 kutoka mlangoni, juzi aliweka ufagio kizingitini akasema, "Bwana, chini ya mikorosho hakujafagiwa. Korosho ya kwanza ikianguka hujatoka, mimi narudi kwetu Nanyamba." Kila akitoka nahesabu moyoni mpaka arudi, jasho linanitiririka. Kupenda kukaa nyumbani ni kosa?

S., Ziwani

Bwana S.,

Pole sana. Aliyeona kifo hatua nne mbele yake hawezi kubaki vilevile. Lakini usinidanganye. Wapenda nyumbani nawajua, hata mimi ni mmoja wao: nikishafunga mlango, nalala fofofo. Wewe umefunga mlango na jasho linakutoka. Hiyo ni hofu, bwana.

Huko Ruvuma usiende, hata mimi naogopa. Ila shamba lako liko mbali na mto, na Somoe amepita njia ile miezi sita. Kama huamini kuna bomu, unangoja nini ndani? Na kama unaamini, mbona unamwacha apite peke yake? Chagua jibu lolote. Yote mawili yanakutoa nje.

Hao vijana usiwachukie. Mwali huwekwa ndani afundwe, kisha hutoka. Wewe nani anakufunda humo?

Kesho asubuhi shika ule ufagio. Tembea ubavuni mwa mkeo, hesabu kwa sauti, mkifika mia mrudi. Keshokutwa mia mbili. Siku ya saba mtakuwa shambani. Mkorosho wa kwanza fagia wewe. Hofu itakufuata, ufagio haujali.

Bi Helena