Mkeka wa Mama Umeshonwa kwa Sufu

Bulla Pesa, Isiolo
Agosti 1985, mwaka wa arobaini na mbili tangu nitoke Kondoa

Mdogo wangu Zena,

Asalaam aleikum. Nakujulia hali wewe na shemeji Hamisi, pamoja na hayo magoti yako uliyoandika kwamba yanakataa mlima. Mimi ni mzima wa kula na kutembea. Macho yanadai miwani mingine, na meno yaliyobaki ni ya kuonyesha watu tu. Mvua ya Aprili ilinyesha baada ya ule ukame uliomaliza ng'ombe, na soko la mifugo limeanza tena kupiga kelele.

Umeniandikia mara tatu kuuliza kama mzigo ulifika. Ulifika. Dereva wa lori uliyempa aliuleta mpaka mlangoni, umeshonewa ndani ya gunia, na barua yako juu yake imefungwa kwa karatasi ya nailoni isilowe. Nilichelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na kazi ya mkono nyumbani. Jana nimeimaliza. Leo mikono haina la kufanya, ndiyo maana unaiona barua hii.

Nakuandikia kila kitu kama kilivyokuwa, hata pale nilipokosa mimi.

Mzigo ulifika mwezi wa Februari. Wakati huo mke wangu Dahabo alikuwa tayari haamki kitandani ila kwa kushikwa. Tumbo lilikuwa limevimba, na daktari alikwisha kuniambia nimpeleke nyumbani apumzike. Nilikata gunia mbele yake kwa sababu nyumba yetu ni chumba kimoja, hakuna mahali pa kujificha nalo. Zikatoka kili tisa za mama, kanda za mkeka ambazo hazijashonwa, zimeviringishwa kama mikate, za rangi ya zambarau na nyeusi. Nilizijua mara moja. Hakuna mwingine aliyesuka ukili mwembamba vile kwa miaa ya kawaida. Harufu ya nyumba yetu ilikuwa bado ndani yake, moshi na mafuta ya karanga.

Dahabo alizishika, akapitisha kidole ukingoni. Kwao wanawake husuka mikeka ya kufunika nyumba, kwa hiyo alijua anashika kazi ya mtu gani.

"Hii imesukwa na mtu hana haraka," alisema. "Ni nani?"

"Mama."

"Si umesema mama amekufa?"

"Aliziacha. Dada ndiye ametuma."

"Na barua inasema nini? Soma, abo," alisema, akiniita kwa Kiborana.

Wewe unajua barua yako ilisema nini, lakini naiandika hapa, maana pengine mtu akiandika kwa hasira hukumbuka hasira akasahau maneno. Uliandika: "Kaka, hizi ni kili za mama. Aliapa hatazishona kuwa mkeka mpaka siku utakaporudi peke yako, bila yule Mborana wako tasa. Hukurudi. Tumemzika kwa mkeka wa jirani. Njoo uzishone mwenyewe, au kaa nazo zikuozee."

Nilikunjua karatasi, nikavaa miwani, nikasoma: "Mwanangu Idi, kili hizi mpe mke wako Dahabo. Nilimkosea. Mwambie azishone, alalie mkeka wangu kama binti yangu."

Zena, sijawahi kusoma vizuri vile.

Akauliza, "Amesema jina yangu? Yeye mwenyewe?"

"Amelisema."

Akageukia ukuta. Nilidhani analia, kumbe alikuwa anacheka taratibu, kicheko cha mtu aliyebishana na watu wote na mwisho akashinda. Jioni hiyo alikunywa uji bakuli zima.

Usiniulize kwa nini nilidanganya kabla sijakukumbusha ile barua nyingine. Mwaka wa hamsini na saba niliandika nyumbani kuomba ruhusa ya kumleta Dahabo awaone. Wakati tukingoja jibu, yeye alikuwa anajifunza kufuma kwa sindano mbili, kwenye darasa la akina mama pale misheni. Nilikuwa nimemwambia kwamba Kondoa mwezi wa Juni kuna baridi ya kuuma masikio. Akanunua sufu rangi ya damu ya mzee, akaanza kumfumia mama sweta. Kipimo nilimpa mimi kwa mikono, nikikumbuka kifua cha mama. Alimaliza mbele, akamaliza nyuma, akamaliza mkono mmoja. Wa pili alikuwa amefika kwenye kiwiko barua ya mama ilipokuja. Mama aliandika nirudi nikitaka, ila huyo nimwache alikozaliwa, maana mti usiozaa haupandwi shambani mwa watu.

Ile niliisoma neno kwa neno. Nilikuwa bado kijana, niliamini kumwambia mke ukweli ndiyo heshima. Dahabo alisikiliza mpaka mwisho, akakunja sweta na sindano zake zikiwa bado zimeshika vitanzi, akaiweka kwenye sanduku la bati. Miaka ishirini na minane hakuifumua wala hakuimaliza. Kila mwaka aliitoa juani, akaweka majani mapya ya mwarobaini ili wadudu wasiile, akairudisha. Miaka ya vita vya shifta, tulipohama mara mbili, aliacha masufuria akabeba sanduku.

Kwa hiyo safari hii nilisoma nilivyosoma.

Alianza kushona siku ya pili. Jirani yetu Mama Ekai, Mturkana, mcha Mungu wa kanisani na mwenye mdomo mkali, alimletea miaa ya mikoma kutoka kwa wanawake wenzake wanaokata kule mtoni. Dahabo aliegemea magunia mawili, akashona ukili kwa ukili kwa shazia, ile sindano kubwa ya magunia. Kila aliyekuja kumwona aliambiwa. "Hii mama mkwe amenitumia. Alikuwa mkali, lakini ameniachia." Mama Ekai alimtania: "Sasa umekuwa bibi harusi, mama. Tutakuona na hina." Alishona kili nne. Mimi nilikaa pembeni nikimkatia miaa, na nakiri kwamba wiki zile nilikuwa na furaha, mtu mwongo kama mimi.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe. Nilikwenda bombani kupanga foleni ya maji. Huku nyumbani akaja Guyo kumjulia hali Dahabo. Guyo ni rafiki yangu, alikuwa askari polisi, na kusoma alijifunzia kituoni. Dahabo akamwambia, "Guyo, hiyo barua iko chini ya mto. Nisomee pale mama anasema jina yangu. Nataka kusikia kwa mdomo wa mtu mwingine."

Guyo akaisoma kama alivyozoea kusoma amri mbele ya gwaride, wima, kwa sauti, kutoka tarehe mpaka sahihi, bila kuruka nukta. Alidhani mambo hayo sisi wawili tumekwisha kuyajua zamani. Alipomaliza akaikunja, akairudisha chini ya mto, akaaga. Yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia; mpaka leo hajui alichofanya, na sikumwambia.

Nilipoingia na madebe ya maji Dahabo alikuwa ameketi wima bila kushikwa.

"Guyo hajui kusoma kama wewe," aliniambia. "Yeye anasoma ile imeandikwa."

Nilitua madebe. Nilisema nilichoweza kusema. Nilisema nilitaka apate raha. Akaniuliza, "Ya nani? Watu wote wa Bulla nimewaambia. Mama Ekai nimemwambia. Umenifanya nitangaze heshima ile sina." Kisha akasema, "Lete sanduku."

Nilidhani ataichoma sweta. Aliitoa, akachomoa sindano, akatafuta uzi wa mwisho pale kwenye kiwiko, akavuta. Unajua sweta inavyofumuka, Zena, haina ubishi. Mkono uliisha, akaingia mgongoni. Alikuwa akizungusha uzi kwenye gunzi la muhindi mpaka ukawa donge kubwa kama kichwa cha mtoto, na ile sufu ikabaki na mawimbi ya miaka ishirini na minane. Kisha akachukua kisu, akakata miaa yote aliyokwisha kushonea zile kili nne. Akazitenganisha tena zikawa tisa. Akatunga sufu kwenye shazia, akaanza upya.

Mama Ekai alipoona alishika kiuno. "Mama, wewe ni mgonjwa ama umechanganyikiwa? Sufu haishoni mkeka. Mtu akikaa mara mbili, kwisha."

"Haitakaliwa," Dahabo alimjibu. "Ni ya kulala mara moja."

Mama Ekai akaniangalia mimi. Akaketi chini akamshikia ukingo.

Tangu siku hiyo Dahabo hakusema nami Kiswahili tena. Hakuninyima salamu, alinisalimu kwa Kiborana, akaomba maji kwa Kiborana, na mambo ya ndani akayasema kwa Kiborana cha haraka, cha watoto wa kwao, ambacho anajua sijawahi kukishika vizuri. Kiswahili alikiweka kwa ajili ya Mama Ekai na wageni. Tulikuwa mume na mke miaka thelathini na sita, na siku kumi na moja za mwisho niliishi naye nikiokota neno moja katika matatu. Mara moja tu, siku aliyofunga fundo la mwisho, alinigeukia akasema nielewe:

"Andikia dada yako. Mwambie mkeka wa mama umeshonwa. Mwambie nani ameshona."

Alifariki siku ya nne baadaye, asubuhi, mwishoni mwa Machi. Wanawake walimwosha. Mkeka ulitandikwa juu ya jeneza, zambarau na nyeusi na mshono mwekundu katikati ya kila ukili, na wazee wengi wakausifia njiani wakidhani ni mapambo ya kwetu. Kule makaburini ukawekwa juu ya mbao, kisha udongo. Sufu ilishika mpaka hapo. Kiapo cha mama, kazi ya mama, na sweta ya mama, vyote viko chini ya ardhi ya Isiolo juu ya mwanamke ambaye mama hakutaka avuke mlango wake. Hakuna kilichobaki cha kukuletea.

Sikuambii haya ili ulie. Lakini sitakudanganya pia. Kazi hiyo nimeiacha. Wino ulikuwa wako na sauti ilikuwa yangu, na kati yetu sisi wawili tulimpokonya mtu anayekufa kitu alichokingoja miaka yote, baada ya kumpa akionje. Mama alikuwa mkatili, lakini yeye alimnyima tu.

Baada ya arobaini nilifungua sanduku tena. Chini kabisa nilikuta shuka la viraka alilokuwa analiunga kwa vipande kutoka kwa fundi cherehani wa sokoni, khaki za sare za shule na maua ya magauni. Lilikuwa limefika theluthi. Hilo ndilo pekee katika kazi alizoziweka bila kumaliza ambalo halikumhusu mama. Alilianza kwa ajili ya kitanda chetu. Nikatoka nalo barazani nikaanza kuliunga. Wauza miraa wa pale kona walifurahi wiki nzima. "Mzee Idi, tukutafutie bwana?" "Mzee, ukimaliza hilo utafumia mtoto?" Guyo alicheka mpaka akakohoa. Mama Ekai naye akaja akakagua, akasema, "Hii ni mshono ama nyayo za kuku?" Akanifumulisha safu mbili, akanionyesha jinsi ya kuficha fundo. Nilitoboa kidole kila siku. Nimeshona kufuata kipimo alichokiacha kwa chaki, upana wa watu wawili, na jana jioni kiraka cha mwisho kimeingia.

Katika barua yako ya tatu umeandika kwamba umesikia habari za msiba kwa yule dereva, na kwamba sasa hakuna kinachonizuia. Umeandika chumba cha mama kimepakwa chokaa upya, na kwamba mama angefurahi. Naamini angefurahi. Hilo ndilo linalonifanya nishindwe kumaliza dua nikimwombea.

Msalimie shemeji Hamisi, mwambie nakumbuka bao alilonifunga kabla sijavaa buti za jeshi. Msalimie mjomba Ramadhani, aliyenifundisha kusoma, kama bado anasikia. Yule jirani aliyetoa mkeka wake mama akazikwa, nenda kwake kwa miguu yako hiyo mibovu, umshukuru kwa niaba yangu. Alimfanyia mama wema ambao watoto wake wawili hatukuufanya. Sina deni la chuki nawe, Zena. Wewe ni mdogo wangu wa tumbo moja, nilikuacha una miaka minane unanishika kanzu.

Mama alitaka nirudi peke yangu. Sasa niko peke yangu, na sitarudi.

Kaka yako,
Idi