Nyumba Uliyonijengea Nikiwa Hai

Mpendwa Baba,

Tangu mdogo wangu Omondi anitumie picha ya kaburi lako, sijapata usingizi. Si kwa sababu ya kaburi. Hilo nilishalililia peke yangu huku, kafili, mwajiri wangu, aliponikatalia ruhusa ya kuja kukuzika, akasema ningoje msimu wa kambi uishe. Ni kile kibanda kinachoonekana nyuma ya kaburi, upande wa ua wa chini, udongo wake bado mbichi.

Nilimpigia mdogo wangu papo hapo.

"Nani mwingine amekufa?"

"Hakuna."

"Na hiyo simba ni ya nani?"

"Ni yako, Ochi. Mzee aliamuru kabla hajatuacha."

Wewe ndiye uliyenifundisha, Baba. Kijana hujenga simba, nyumba yake ya kwanza ndani ya boma la babake, na mdogo hawezi kumtangulia mkubwa. Kijana akifia mbali kabla hajajenga, husimamishiwa kibanda ndani ya siku moja, ndipo wadogo zake waruhusiwe kujenga. Kibanda hicho hakuna anayelala ndani yake. Kikibomoka hakikandikwi tena, huachwa kianguke chenyewe. Hicho ndicho ulichonijengea. Niko Riyadh, nimekunywa chai na mkate asubuhi, na nyumbani nimeshafanyiwa ya marehemu.

Nakumbuka siku uliponipeleka kwenye ule ua wa chini. Nilikuwa nimeacha shule muhula ule na nilidhani unanipeleka kunichapa. Ulichomeka fimbo ardhini ukasema, "Mlango utaangalia lango, ili nikitoka asubuhi nikuone." Ukanipa panga nianze kufyeka. Ulifyeka nami mpaka jua likawa kali, ukinitania kwamba hakuna msichana atakayekubali kuingia kwenye nyumba ya mtu anayeshika panga kama kijiko. Nilicheka sana siku hiyo. Kisha nikapata ajenti wa kazi za Uarabuni, nikapanda ndege, nyasi zikaota upya.

Unajua kazi niliyoishia kuifanya. Kafili wangu ana karavani, nyumba za magurudumu zinazovutwa na gari, anazikodisha kwa familia zinazopenda kupiga kambi. Baridi tunakuwa jangwani nje ya Riyadh, joto likizidi tunashuka Jeddah, karibu na bahari. Mimi nalinda, napika, nasafisha, na ile ndogo kuliko zote ndiyo naishi ndani yake mwaka mzima. Nilikuonyesha kwa simu. Kitanda kinachokunjwa, jiko la gesi, tangi la maji. Nilijivuna, sikufichi. Kule mtaa wa Al-Mahjar nilikofikia mwanzo tulilala wanane chumba kimoja na viatu vyetu vichwani visiibwe. Hii karavani ilikuwa mlango wa kwanza maishani mwangu niliofunga kwa ufunguo wangu mwenyewe.

Ulitazama kila kitu, ukauliza, "Mlango wake unaangalia wapi?"

"Popote tunapoegesha, Baba."

"Basi hilo ni gari," ukasema. "Utashuka lini?"

Ukawa unaniuliza hivyo kila nikipiga. Utashuka lini. Ningejibu mwakani, inshallah, kama wenyeji wa huku wanavyosema, nawe ungeguna. Nilidhani ni mazungumzo yetu ya kawaida, kama ya mvua. Sikuona kwamba nyuma yako amesimama Omondi, mtu mzima mwenye ndevu, bado analala jikoni kwa mama kwa sababu kaka yake hajajenga. Sikuona kwamba kina Achieng, jamaa za mchumba wake, walikuwa wameanza kuchoka kungoja.

Jana tulikuwa tunafunga karavani tayari kushuka Jeddah. Salim, dereva wetu, Mzanzibari, akaniona nimekaa kwenye ngazi.

"Vipi, umefiwa tena?"

"Safari hii nimekufa mimi."

"Haya maiti, yalla, njoo ushike huku. Gari halijifungi lenyewe."

Nikamweleza. Aliweka chini mnyororo aliokuwa nao, akakaa kando yangu, akanikamata kifundo cha mkono kama daktari. "Pole, ndugu yangu. Mie jambo kama hili sijapata kulisikia. Na baba'ko alikuwa na akili zake?"

Ulikuwa nazo, Baba. Hilo ndilo linaloniuma. Omondi anasema wazee walikushangaa, wakakuambia mtoto yu hai, anapiga simu. Ukawajibu, "Mimi naondoka. Siwezi kuwaacha wawili bila nyumba kwa kumngoja mmoja." Kisha ukaomba ubebwe nje ukaangalie wakikandika. Anasema chakula hukukigusa siku hiyo.

Sijui kama ulinikatia tamaa au ulimhurumia yeye. Nimekuuliza humu ndani ya karavani kwa sauti, kama mwendawazimu.

Omondi amenipigia tena usiku wa kuamkia leo. "Ochi, ukisema tukibomoe, nitakibomoa mwenyewe. Nitangoja." Alikuwa analia. Kikibomolewa, wazee watasema mkubwa hajajenga, na yeye atarudi jikoni.

Nimemwambia asikiguse. Nimemwambia akate miti yake ya kujengea kesho, na mlango wake uangalie lango, mama amwone akitoka asubuhi.

Msimu huu wa Jeddah ukiisha nitakuja, kafili atake asitake. Wazee wakinizuia langoni kwa kuwa nilishahesabiwa marehemu, nitakaa nje hapo hapo na kuwanyoshea mkono, mmoja baada ya mwingine, waushike waone una joto. Kisha waniambie mtu kama mimi analala wapi.

Pumzika, Baba. Sina hasira nawe, ila usingizi bado haunijii.

Mwanao wa kwanza, ambaye bado anapumua,
Ochieng