Alivunja Mlango, Nikasema Simjui

Mama Kabanyana unayetushauri redioni, nisaidie mimi mwanamke mwenzako, nimefika fasi ambapo sijui nishike wapi, na tafadhali jina langu usilisome, utupe sisi wote majina mengine, kwa sababu Rubondo wanakusikiliza sana na hapa Kakoba pia, na mimi nimechoka kutembea nikiangalia chini.

Mimi ni Mkongomani wa Kivu ya Kusini, bwana yangu Parfait analima shamba letu kule Rubondo, kambini Nakivale, na mimi ninakaa hapa Kakoba, mjini Mbarara, na watoto juu ya shule yao, ninauza vitenge sokoni, tumepanga chumba kwenye nyumba ndefu yenye milango mingi na bafu moja uani la wapangaji wote. Asubuhi ile Parfait alikuwa Rubondo anavuna maharage, watoto wamekwenda shule, mimi nikaingia kuoga, nilikuwa nimeshajipaka sabuni kwa maji ya ndoo, nikashika bomba niongeze maji, nikasikia kama sindano zinapanda mkononi mpaka kwenye kiwiko. Nikaruka. Nikagusa tena kwa kidole kimoja, ikawa vilevile. Nikajifunga kitenge nikakimbia chumbani na sabuni mwili mzima, nikampigia simu Kasim, fundi wa umeme, namba yake alinipa jirani yangu Afsa mwenye cherehani, na Kasim alikuwa amekuja mara moja kutufungia taa.

Kasim akaniambia, "Nyabo, sikia vizuri. Usirudi bafuni. Usiguse bomba, usiguse maji. Zima swichi kubwa ya nyumba, ambia na wenzako wasiguse kitu. Mimi niko Nyamitanga, napanda boda sasa hivi."

Nilimsikia, Mama, siwezi kusema sikusikia. Lakini swichi kubwa iko karibu na saluni ya mbele, na saluni inatumia umeme uleule, na siku hiyo kulikuwa na bibi harusi ananyooshwa nywele, nikaona nikizima watasema huyu mkimbizi amekuja kuzima umeme wa watu. Sikuzima. Na sabuni ikaanza kunikauka mwilini, nikaona haya fundi anikute na povu masikioni, nikasema nivute maji kidogo tu, haraka, nikarudi bafuni, nikafunga mlango kwa komeo. Nakumbuka mkono wangu ukishikwa na bomba na kukataa kuachia. Kingine sikumbuki.

Mengine niliambiwa na Afsa. Kasim alifika akauliza niko wapi, Afsa akamwambia nimeingia bafuni, basi akagonga akaniita, kimya, na maji yanasikika yakimwagika. Akakimbia kwanza kwenye swichi kubwa akazima, watu wa saluni wakapiga kelele, yeye hakuwajibu, akarudi akavunja mlango kwa teke. Alinikuta chini, sipumui. Bafu ni dogo, hakuna fasi ya kupiga magoti, akanivuta nje kwenye saruji kavu, akanifunika tumboni na miguuni kwa koti lake la kazi, akaanza kunibonyeza kifua kwa mikono miwili. Afsa alipotoka na shuka alikuta mwanaume amepiga magoti juu yangu, mimi uchi, na uani kumejaa watu, hata bibi harusi amesimama na nywele nusu. Nikakohoa. Wakanipakia kwenye gari ya jirani mpaka hospitali, na daktari akasema bila yule fundi mngekuwa mnatafuta jeneza.

Habari ilifika Rubondo kabla mimi sijatoka hospitali, lakini haikufika hivyo. Ilifika kwamba mke wa Parfait amekutwa uchi na mwanaume Mwislamu, mlango umevunjika. Bamama wa kwaya walimwambia mama mkwe wangu kisimani, mama mkwe akamwambia Parfait shambani mbele ya watu. Alikuja siku ileile, bado ana udongo kwenye viatu, akasimama karibu na kitanda changu.

"Ule mwanaume, nani alimuita?"

Mama Kabanyana, nilimwangalia uso. Niliona kama nikisema nilimpigia simu mwanaume nikiwa nusu naoga, itakuwa kweli yale waliyosema. Nikajibu, "Simujui. Alivunja mulango ye mwenyewe."

Alipotoka kuninunulia chai, nikafuta namba ya Kasim kwenye simu.

Nilidhani yataishia pale kitandani. Lakini Parfait alimshitaki Kasim kwa mwenyekiti wa LC, serikali ya mtaa wetu, kwamba alivunja mlango na kumgusa mke wa mtu, na tukaitwa sote. Mwenyekiti akaniuliza kama nilimwita huyu mtu, nikasema hapana, mara ya pili sasa, na mara hii mbele yake mwenyewe. Kasim alikuwa na simu yake mkononi. Angeweza kuonyesha kwamba nilimpigia. Hakuonyesha. Alimwambia mwenyekiti tu, "Mimi nilikuja kazi, ssebo. Nyabo mwenyewe anajua. Mambo ya mwili wake mimi siyasemi mbele ya watu." Afsa akasimama, akaniambia, "Niangalie mimi! Niangalie!" Sikumwangalia. Mwenyekiti akaona Afsa na Kasim ni watu wa msikiti mmoja, hakumsikiliza sana. Akasema tutarudi tena wiki ijayo, na kama maneno yatabaki hivi, kesi ya Kasim ataipeleka polisi.

Tangu hapo wenye nyumba wanamwambia Kasim asije kama bwana hayupo, na wengine wameshamtafuta fundi mwingine. Lakini kilichonifanya nikuandikie si hicho. Mke wake, Sharifah, ana mimba kubwa, alikuja sokoni kwenye meza yangu, akashika kitenge kama mteja, akasema polepole ili wengine wasisikie, "Dada, mimi sitaki ugomvi. Usimwambie mwenyekiti kama hutaki. Niambie mimi peke yangu, nikirudi nyumbani nijue ninalala na mtu gani." Na mimi nikamwambia, "Nina wateja." Hakukuwa na mteja hata mmoja. Akakunja kile kitenge vizuri, akakirudisha fasi yake, akaondoka.

Sasa Parfait anasema tufunge vitu turudi Rubondo wote, watoto wasome kule. Mimi ninafikiri, tukienda, si mambo yatapoa yenyewe? Nitafute mtu ampelekee Kasim salamu zangu za kumwomba msamaha kimya kimya? Nikisema kweli Parfait ataniacha, na mimi baba na mama yangu walibaki huko vitani, sina pa kurudi. Sioni njia. Ninakula haya kila siku kama ugali.

Mimi, wa Kakoba.

*

Nitakuita Bénédicte, na wenzako nimewapa majina mengine kama ulivyoomba.

Bénédicte mwanangu, kwanza pole. Ulikufa, ukarudi, na badala ya kupumzika umebebeshwa macho ya watu. Nakwambia jambo la kwanza ulishike vizuri: mwili uliolala chini hauna hewa si mwili wa aibu. Mkunga anauona, daktari anauona, atakayekuosha siku ya mwisho atauona. Kasim hakuona mwanamke, aliona mtu anayekufa, na aliweka mikono pale panapotakiwa mikono. Waliokuwa na macho ya kutazama ni wale waliosimama uani bila kuleta hata kanga. Aibu hiyo ni yao, warudishie.

Lakini ipo nyingine ambayo ni yako, na hiyo siwezi kukupunguzia. Ulimwita mtu, akaja mbio, akakupa pumzi, ukasema humjui. Mara moja kwa hofu, hapo naelewa, ulikuwa kitandani, kichwa kinazunguka. Kufuta namba, hapana, pale kichwa kilikuwa kimetulia. Mbele ya mwenyekiti, hapana kabisa. Na yule mwanamke mwenye mimba aliyekuja mezani kwako kwa sauti ya chini ili akustahi wewe, ukamwambia una wateja! Bénédicte, nilipofika hapo niliweka barua chini nikanywa maji.

Unasema ukienda Rubondo mambo yatapoa. Kwa nani? Kwako labda. Kasim atabaki Mbarara na jina ulilompa, na kazi yake ni kuingia nyumba za watu. Fundi asiyeaminika mlangoni ataingilia wapi? Na siku mama mwingine atashikwa na umeme bafuni, fundi atasimama nje ya mlango akiwaza kesi yako. Umefikiria hilo? Wala usinitafutie mtu wa kupeleka salamu kimya kimya. Ulimchafua mbele ya watu, utamsafisha mbele ya watu.

Wazee walisema mficha uchi hazai. Hawakusema kwa ajili ya kuchekesha.

Fanya hivi, na usingoje wiki ijayo. Mwambie Parfait leo, mchana, watoto wakiwa shule. Usianze na kulia, ukianza na kulia atakubembeleza na neno litapotea. Sema, "Nilimpigia simu mimi. Aliniambia nisirudi bafuni, nikarudi. Nilikudanganya kwa sababu niliogopa." Usiongeze shetani, usiongeze kuchanganyikiwa. Kama unajua mkono wa bwana yako ni mwepesi, usiwe peke yako naye. Muombe mzee wa kanisa au mama unayemheshimu akae hapo mlangoni. Kisha, kabla ya mwenyekiti, nenda kwa Sharifah. Kwa miguu yako mwenyewe. Yeye alikuuliza swali, anadai jibu, na usimdai msamaha papo hapo, msamaha hauchumwi kama pilipili. Ndipo uende kwa mwenyekiti ukaseme mbele ya walewale waliokusikia ukikana. Afsa mpe nafasi akugombeze mpaka amalize.

Unaogopa Parfait atakuacha. Sijui kama atakuacha, mimi si mganga. Najua kwamba sasa hivi anaishi na mke bila kujua kilichompata, na huko si kukaa na mke. Na wewe Parfait, kama redio iko hapo ulipo na unajitambua, nakuambia neno moja kama dada yako: ungependa kuwa mjane mwenye heshima? Basi shukuru.

Na nyinyi wapangaji wa nyumba hiyo, na wa nyumba zote: bomba likikuchoma mkono, swichi kubwa izimwe, bibi harusi na asubiri. Mwenye nyumba alete fundi kabla hajaja kuchukua kodi. Nimemaliza. Bénédicte, inuka.

*

Mama Kabanyana, ni mimi wa Kakoba. Nimeona vizuri nikuambie vilivyokwenda.

Nilimwambia Parfait mchana kama ulivyosema. Hakunipiga, hakunitukana. Alitoka, akakaa kwenye jiwe mbele ya nyumba, alikaa mpaka watoto wakarudi. Kwa Sharifah nilikwenda peke yangu. Alinisikiliza amesimama mlangoni mkono kiunoni, mimba imemchosha, nikasema yote, akasema, "Sawa. Nimesikia," akafunga mlango. Sikukasirika. Sikustahili kiti.

Kwa mwenyekiti kulikuwa na watu wengi, hata wa saluni walikuja. Niliposema nilimwita mimi, na kwamba niliambiwa nisirudi bafuni nikarudi, nilikuwa nimeshika ukuta. Mtu mmoja nyuma akacheka. Mwenyekiti akamwambia atoke nje. Kisha akamgeukia Kasim akamwambia, "Fundi, tumekukosea," na Kasim akaitikia kwa kichwa tu, akasema, "Asante nyabo," bila kuniangalia, akaondoka kwa sababu kuna nyumba ilikuwa inamsubiri. Afsa alinigombeza njia nzima, mbele ya watu, na kesho yake akanigombeza tena huku ananishonea kola ya blauzi.

Parfait alikuwapo siku hiyo ya mwenyekiti. Alisimama mbali. Tulipotoka alitembea mbele yangu mpaka nyumbani, hakugeuka, na mimi nikajua sasa ataniambia nifunge vitu vyangu peke yangu. Alikaa kitandani. Akavuta mkono wangu wa kulia, akaugeuza, akaangalia kiganja fasi ambapo ngozi bado ni nyekundu. Na akaniuliza kitu ambacho mtu hakuniuliza tangu siku ile, si yeye, si mama mkwe, si kanisa.

"Iliuma sana?"

Nikamwambia, "Mingi."